Teksi imshushe wapi mgonjwa asiyeweza kutembea, hapa mjini Posta, Dar es Salaam?

FundiMamaTunu (Tabata Kimanga):

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Nina swali, ila niacheni kwanza nieleze lilivyonikuta, maana nikiuliza kavukavu mtanijibu kwa mkato.

Mama yangu mzazi ana miaka 74. Nilimtoa Pangani mwezi wa tatu aje akae kwangu kwa sababu ya magoti. La kulia limeisha, la kushoto ndilo linalobeba mwili wote. Anatembea na fimbo, na kila baada ya hatua kama ishirini lazima asimame avute pumzi. Kliniki anayotibiwa iko katikati ya mji, ndani huko kati ya Kisutu na Mtaa wa Jamhuri, na tarehe zetu ni kila baada ya wiki tatu. Daladala hawezi, ngazi ya mlangoni tu ni mtihani. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake ya peke yake, tulijaribu mara moja. Kituoni unaingia kwenye basi bila kupanda ngazi, hilo ni jema sana, lakini kutoka Kimanga mpaka ulipo mwendokasi ni safari nyingine, na ule msukumano wa mlangoni nilihofia wangemwangusha. Kwa hiyo naita teksi kwa simu. Mimi ni fundi cherehani, elfu kumi na mbili kwenda na nyingine kurudi si pesa ndogo kwangu, lakini nalipa kwa sababu nataka mama afike mlangoni.

Safari ya kwanza tulitoka saa moja na nusu asubuhi. Foleni Buguruni, foleni Ilala Boma, tukafika Mnazi Mmoja saa tatu kasoro. Dereva, mtu mzima na mstaarabu, akasogeza gari pembeni ya Bibi Titi akasema, "Dada, mimi naishia hapa. Huko ndani sishushi mtu. Juzi nimefungwa mnyororo kwenye tairi, mpaka leo nina deni." Nikamwonyesha kwenye simu, zimebaki mita mia sita. Akanijibu kwamba ramani inaonyesha barabara, haionyeshi pa kusimama. Nikamwambia basi mtazame mama. Akageuka nyuma, akamtazama, akainamisha kichwa, akasema nisamehe mama yangu. Tukashuka.

Mita mia sita kwa mtu mwenye miguu mizima si kitu. Sisi zilituchukua dakika hamsini. Njia ya waenda kwa miguu imejaa: huku meza ya chaja na soksi, huku pikipiki tatu zimepangwa, huku gari limepanda na tairi mbili za mbele. Mahali pamoja mtaro hauna mfuniko. Kila tukikutana na kizuizi mama inabidi ashuke barabarani, na kushuka kwenyewe ndiko kunakomuumiza kuliko kutembea. Kijana muuza karanga alimwona, akanyanyuka kwenye kiti chake cha plastiki akamkalisha, akampa na maji. Mungu ambariki yule kijana, sijui hata jina lake. Tulipofika kliniki namba yetu ilishapita, tukawekwa mwisho, tukamwona daktari saa nane mchana. Mama hakula kitu mpaka jioni kwa maumivu.

Safari ya pili nikajiapiza kwamba haturudii. Nikapata dereva kijana, nikamweleza toka tunapanda, nikamwomba kwa heshima zote atufikishe getini. Akakubali. Alisimama mbele ya geti pale, injini inaunguruma, yeye mwenyewe hakushuka. Sasa mama yangu anavyoshuka garini: kwanza ageuke kwenye kiti, kisha atoe mguu mzima, kisha mguu mbovu tuutoe mimi na yeye kwa mikono, kisha fimbo, kisha anyanyuke. Dakika tatu, labda nne. Kabla hajanyanyuka askari alishafika na mashine yake. Kosa, kusimama pasiporuhusiwa. Faini 30,000. Sikusikia askari akitukana wala kuomba chochote, nisimsingizie. Aliandika tu. Nilimwomba aangalie hali ya mama, akasema mama ameshuka salama, lakini gari limeziba njia. Na kweli nyuma yetu honi zilikuwa zinalia.

Yule kijana alikaa ameshika usukani, midomo inatetemeka. Akaniambia, "Dada, ni wewe uliyeniomba." Nilikuwa na elfu ishirini na tano ya dawa. Nikampa elfu kumi na tano. Tangu siku hiyo silali vizuri. Najiuliza kama nilimdhulumu kwa kutolipa yote, au nilijidhulumu kwa kulipa kosa lisilo langu.

Kwa hiyo nauliza. Hivi sheria inatofautisha kumshusha mtu na kuegesha gari? Kama inatofautisha, ni dakika ngapi? Faini ya namna hii ni ya nani, dereva au abiria aliyemwomba? Na la mwisho ndilo kubwa kwangu: mtu kama mama yangu ashushwe wapi? Tarehe yetu nyingine ni Jumanne ijayo.

---

Dereva_Segerea:

Dada pole, na mama mfikishie pole yangu.

Mimi niko kwenye hizi teksi za simu mwaka wa sita. Toyota IST, namba nyeupe ya magari ya biashara, gari si langu, hesabu ninayompelekea bosi ni elfu thelathini kila siku ya kazi. Nikupigie hesabu ili usimwone mwenzangu wa Mnazi Mmoja kuwa ana roho mbaya. Safari yenu ya elfu kumi na mbili, kampuni inaweza kukata hadi robo yake. Imebaki elfu tisa. Toa mafuta ya kwenye ile foleni ya Buguruni, nabaki na elfu tano na kitu. Faini moja ya elfu thelathini ni safari sita za namna hiyo, nimezifanya bure. Na deni likishaingia kwenye namba ya gari halijifichi. Askari yeyote akikagua kwenye mashine analiona, hata ukiwa Mbagala.

Tena sisi wa namba nyeupe tunaonekana kwa mbali. Mwenye gari binafsi, namba ya njano, akisimama dakika mbili anaweza asiulizwe. Mimi nikisimama, kila mtu anajua ninashusha au ninasubiri abiria.

Lakini nikwambie kitu ambacho abiria wengi hawakijui. Kinachotuponza mara nyingi ni malipo, kushuka kwenyewe ni kwa haraka. Tumefika, mtu ndiyo anaanza kutafuta simu kwenye mkoba, M-Pesa inazunguka, anakosea namba ya siri, au ana noti ya elfu kumi mbili na mimi sina chenji. Hapo dakika tano zimekwisha. Mimi siku hizi nikifika eneo la Fire au Mnazi Mmoja nawaambia, jamani tumalizane hapa hapa kwenye taa. Wengine wananuna, wanadhani nataka kuwakimbia.

Kuhusu faini yako, mimi kama dereva nasema ukweli: leseni ni yangu, usukani ni wangu, uamuzi wa kusimama ni wangu. Wewe kumpa nusu ilikuwa utu, na yeye atakukumbuka kwa hilo. Hukumdhulumu. Lala.

Tunachokililia sisi ni kimoja tu, sehemu ya kushushia. Hata nafasi mbili kila mtaa, zimechorwa rangi, zimeandikwa KUSHUSHA NA KUPAKIA, dakika tano na atakayezidisha afungwe mnyororo. Nafasi zote za pembeni mjini zimeuzwa kwa maegesho. Gari la mtu mmoja linakaa pale toka saa mbili mpaka saa kumi jioni kwa sababu analipia, na mgonjwa wa dakika nne hana pa kutua.

---

Mkufunzi_Mstaafu:

Nimefundisha udereva zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitajibu la sheria.

Kusimama na kuegesha ni vitu viwili. Kusimama ni pale dereva yuko kwenye usukani, anashusha au anapakia, na anaondoka mara hiyo. Kuegesha ni kuliacha gari likae. Ndiyo maana kuna kibao kinachokataza kuegesha na kipo kingine kinachokataza hata kusimama. Kwenye kile cha kwanza, kushusha abiria na kuondoka si kosa. Kwenye cha pili, hata sekunde kumi ni kosa. Madereva wengi, na nasema kwa masikitiko kwa sababu baadhi nimewafundisha mimi, hawavisomi. Wanaona duara jekundu wanakimbia, au hawalioni kabisa wanasimama.

Kuna mahali ambapo huhitaji kibao kujua kwamba haifai: kwenye zebra, kwenye njia panda au karibu yake, kwenye kituo cha daladala, na ndani ya njia ya mwendokasi. Nimeona teksi inashusha mama mjamzito ndani ya njia ya mwendokasi. Lile basi linapokuja halina pa kukwepea.

Suala la dakika ngapi, usitafute namba ya kumsomea askari. Angalia kibao na angalia kama umeziba njia. Kwa maelezo yako mwenyewe, gari lilikuwa limeziba. Hapo hata kama kibao kinaruhusu kushusha, askari ana hoja.

Na faini inaandikwa kwa dereva na gari, haiandikwi kwa abiria. Asiyekubali kosa ana haki ya kulikataa na shauri likaenda mahakamani. Akikubali, analipa kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali, halipi mkononi. Usimpe mtu yeyote pesa taslimu pale barabarani, hata akikuonea huruma.

---

Duka_Mtaa_wa_Libya:

Naomba na sisi wa mtaani tusikilizwe. Nina duka la vifaa vya umeme huku miaka kumi na mmoja. Huu mtaa upana wake ni gari mbili, na moja tayari imeegeshwa. Teksi moja ikisimama kati, foleni inafika mpaka Morogoro Road kabla hujamaliza kunywa kahawa. Mwaka jana gari la wagonjwa lililia king'ora hapa mbele ya duka langu zaidi ya robo saa kwa sababu ya teksi tatu zilizokuwa "zinashusha tu". Ndani mlikuwa na mtu. Nilisimama pale nimeshika kichwa.

Mama yako namhurumia kwa dhati, dada. Lakini kila anayeshuka ana sababu yake. Huyu ana mgonjwa, huyu ana mzigo, huyu ana mvua. Ukiruhusu wote, mtaa unakufa. Bora sheria iwe ngumu.

---

FundiMamaTunu:

Kaka wa Mtaa wa Libya, umenigusa hapo kwenye gari la wagonjwa, sitabishana na wewe. Mimi siombi teksi zisimame kati ya barabara. Naomba pawepo mahali. Hiyo gari moja uliyosema tayari imeegeshwa, ikitolewa hiyo moja tu mbele ya kliniki, si wewe wala mimi wala mgonjwa wa king'ora atakayeumia.

Mzee Mkufunzi, asante. Nilipita jana kuangalia. Kibao kipo, kimefunikwa na tangazo la chumba cha kupanga, na rangi imekwisha. Sikuweza kujua ni cha kuegesha au cha kusimama.

---

Mwana_wa_Mzee_Rajabu:

Dada, baba yangu anatumia kiti cha magurudumu tangu 2017, na huduma zake nyingi ziko huko huko mjini. Nimeyapitia yote haya, nikaapa, nikalia, mwisho nikajifunza.

Kwanza piga simu mapokezi siku moja kabla. Usiulize kama wanaweza kusaidia. Waambie nina mgonjwa asiyetembea, nitafika saa fulani, nahitaji mlinzi na kiti cha magurudumu vinisubiri barabarani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na majengo yanayotoa huduma kwa umma yanatakiwa kufikika. Mara nyingi hawana ubaya, hawajawahi tu kuombwa. Mlinzi mwenye sare akisimama barabarani na kiti, hata askari anaelewa kabla hajaambiwa, na mara nyingi atakusaidia kuzuia magari.

Pili, mama akae kiti cha nyuma kushoto, kamwe asikae kulia. Kushoto anashukia upande wa njia ya waenda kwa miguu. Kiti cha mbele kisogezwe mbele mpaka mwisho kabla hamjaondoka nyumbani.

Tatu, mkalishe juu ya kitambaa kinachoteleza. Sisi tunatumia kipande cha satini. Mkifika anageuka kwa kuteleza, hanyanyui makalio. Baba alikuwa anatumia dakika tano kutoka garini, sasa ni moja na nusu.

Nne, badilisha saa. Omba namba ya kwanza kabisa. Saa moja kamili asubuhi, mitaa ya Kisutu unaweza kutandika mkeka.

---

Mzigo_Songea:

Naunga mkono hilo la saa. Mimi si mgonjwa, ni mfanyabiashara, nakuja Kariakoo mara moja kwa mwezi kufunga mzigo wa vitenge. Teksi ikijaribu kuingia Mtaa wa Congo au Narung'ombe saa nne asubuhi, mtakaa humo mpaka adhuhuri, na mgambo watakuwa wameshapita mara mbili. Kwa hiyo nashukia Msimbazi, namlipa mtu wa guta, lile baiskeli la matairi matatu la mizigo, ananisogezea mzigo. Ila guta halibebi mama. Kwa mgonjwa ni alfajiri tu, dada, hakuna njia nyingine kwa sasa.

---

FundiMamaTunu:

Narudi kutoa mrejesho, maana wengine mmeniuliza.

Nilipiga simu kliniki Jumatatu. Dada wa mapokezi aliniuliza mara mbili kama nina maana kiti kije mpaka nje, nikasema ndiyo mpaka nje, akaniunganisha na msimamizi wa walinzi. Yule baba akaniambia toka aanze kazi pale hajawahi kuombwa hivyo na kwamba saa moja na robo atakuwa amesimama yeye mwenyewe. Namba ya kwanza nilikosa, nimepata ya tatu.

Satini ninayo tele, mabaki ya gauni la harusi. Nilikunja mara mbili, nikapiga mstari wa cherehani pembeni isichanike. Tulifanya mazoezi Jumatatu jioni kwenye gari la jirani, mama anacheka na wajukuu wanamhesabia.

Leo tumetoka saa kumi na mbili alfajiri. Dereva tulimalizana malipo tukiwa Karume, kwenye foleni ndogo ya taa. Tumefika getini saa moja na dakika kumi. Mlinzi alikuwepo, kiti kipo, mkono mmoja ameunyoosha kuzuia pikipiki. Niliangalia saa: mama ametumia dakika moja na sekunde hamsini kutoka kitini kwenye gari mpaka kitini kwenye magurudumu. Hakuna honi hata moja. Askari alikuwa ng'ambo ya barabara, ametutazama, akaendelea na kazi yake.

Lakini niseme na hili, kwa sababu limenikaa. Tukiwa tunasubiri daktari, saa tatu hivi, aliingia mzee mmoja amebebwa mgongoni na mwanawe. Kijana analowa jasho, shati limeganda mgongoni. Nikamuuliza mmeshukia wapi. Akasema Mnazi Mmoja. Nikamwandikia namba ya simu ya mapokezi kwenye kipande cha karatasi, na mlinzi nikampigia magoti nikamwomba kiti kikae nje kila siku asubuhi, asisubiri kupigiwa. Amesema atalifikisha kwa wakubwa wake. Barua ya kuomba nafasi moja ya kushushia mbele ya geti naiandika kesho niipeleke serikali ya mtaa. Kaka wa Mtaa wa Libya, kama uko radhi, nitapita dukani kwako uisome na uweke sahihi yako kama mwenye biashara wa hapo.

---

Duka_Mtaa_wa_Libya:

Pita dada. Nipo kuanzia saa mbili. Muhuri wa duka ninao, na jirani zangu wawili nitawaita.